Kutoka sindano hadi kijiti: mzigo wa nani?

Mama aliyekuwa akichoma sindano ya uzazi wa mpango kila miezi 3 anahamia kijiti cha miaka 3 au 5. Sababu zake: nauli ya kliniki, uchovu wa kulea, mume asiyetaka kusikia habari hizo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kupima tendo lenyewe, nia na mazingira. Nia yake ni njema. Waraka Humanae Vitae (1968) unakubali kupanga uzazi kwa sababu za msingi, ila unakataa njia hiyo. Lakini mazingira yake yametengenezwa na wengine pia, basi tusimhukumu yeye peke yake.

Njia ya asili huhitaji watu wawili: mke asome dalili za mwili wake, mume aziheshimu. Akina baba, mko tayari?