Moshi haupandi, mafuta yanadondoka

Swali: Mgahawani kwetu tunachoma nyama kwa mkaa na kukaanga chipsi. Vichujio vya kivuta moshi huoshwa kila wiki, lakini moshi unajaa jikoni na mafuta yanadondoka. Tununue feni kubwa zaidi?

Jibu: Msinunue kwanza. Fungueni mlango wa jikoni. Moshi ukianza kupanda, feni ni nzima, kinachokosekana ni hewa ya kuingia. Usipopanda, kagueni mkanda wa feni na mapanga yake, ambayo mafuta huyagandia.

Kwa jiko la kukaanga, vichujio vioshwe kila siku, kwa maji moto na sabuni ya kukata mafuta. Kama ni vya alumini, msitumie magadi makali ya kuzibulia mabomba: huila alumini.

Ila kinachonitia hofu ni bomba lenyewe la moshi, msiloliona. Cheche ya mkaa ikifika kwenye mafuta yaliyoganda humo, moto hukimbilia darini. Kanuni ya Marekani, NFPA 96, inataka mabomba ya moshi ya majiko ya kuni na mkaa yakaguliwe kila mwezi. Tabaka la mafuta likikaribia milimita 2, iteni fundi akwangue bomba lote, hadi kwenye feni ya paani.