SOMO LA UFUNDI: TINTI YA VIOO VYA MAGARI, NA KASORO ZAKE NI ZA NANI

Wengine mtauliza somo la vioo vya magari linamhusu nini mfanyakazi wa kiwanda cha nguo au mchuma chai. Linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wetu na ndugu zetu waliopunguzwa kazini wako katika gereji za Kampala, toka Katwe mpaka Ndeeba, na kubandika tinti ni moja ya kazi wanazojifunza bila cheti. Pili, kazi hii inatufundisha jambo ambalo kila anayelipwa kwa kipande lazima alijue: kazi ikiharibika, itafutwe sababu kwanza, ndipo aulizwe mtu.

Kijana mmoja alikuja kwetu akiwa na karatasi ya mshahara mkononi. Theluthi ya mshahara wake wa mwezi ilikuwa imekatwa. Msimamizi alimwambia kwa mdomo tu kwamba magari matatu yamerudishwa na wateja, kwa hiyo alipe gharama ya tinti. Hakupewa barua, wala hakuonyeshwa magari. Alitaka tumwombee huruma kwa mwajiri. Sisi tulimwambia huruma ingoje, twende kwanza tukaone vioo. Tulikwenda na fundi mzee aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Mengi yaliyo katika somo hili tulijifunza kwake siku hiyo na siku zilizofuata. Habari ya magari hayo matatu tutairudia mwishoni.

SEHEMU YA KWANZA: TUNABANDIKA NINI?

Watu huiita karatasi, lakini ni plastiki nyembamba ya poliesta. Upande mmoja una gundi iliyofunikwa na plastiki ya kinga, na upande wa pili una ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo. Hubandikwa upande wa ndani wa kioo, ambako mvua na vumbi la barabarani haviifikii.

Aina zake ni hizi:

(a) Ya rangi. Hii ndiyo rahisi kwa bei. Jua likiipiga miaka kadhaa, rangi hufa na kioo hugeuka zambarau.

(b) Ya metali. Ina chembe za metali zinazorudisha joto nje. Ni imara, ila huweza kusumbua mawimbi ya redio na simu.

(c) Ya kaboni. Haigeuki rangi upesi wala haisumbui mawimbi.

(d) Ya seramiki. Ni ghali kuliko zote. Huzuia joto jingi hata ikiwa si nyeusi.

Hapo tuelewe jambo moja: weusi si kipimo cha ubaridi. Mteja anayetaka gari lisiwe tanuri hana lazima ya kuweka giza.

Namba inayoandikwa kwenye roli ni kiasi cha mwanga unaopita. Namba 35 maana yake katika sehemu 100 za mwanga zinapita 35. Lakini kioo chenyewe nacho huzuia mwanga. Magari mengi tunayoyatumia huku yametoka Japani yakiwa yametumika, na mengi yao vioo vya nyuma vina weusi uliotiwa kiwandani ndani ya kioo. Kama kioo hicho kinapitisha asilimia 20, nawe ukabandika tinti ya 35, usijumlishe, zidisha: 35 katika kila 100 ya zile 20 ni 7 tu. Fundi asiyejua hesabu hii humfanya dereva arudi nyuma usiku kama kipofu.

SEHEMU YA PILI: HATUA ZA KAZI

1. Mahali. Kazi ifanyike ndani ya banda, milango imefungwa, na sakafu imelowanishwa ili vumbi litulie. Feni izimwe. Asiyefanya mahali hapa sawasawa asitegemee kioo kisafi.

2. Maji. Tumia maji safi yaliyochujwa, weka matone machache ya sabuni ya maji au shampuu ya watoto katika chupa ya kupulizia. Sabuni huifanya tinti iteleze ili uipange. Ikizidi, gundi haishiki.

3. Kusafisha. Ondoa uchafu wa kioo kwa wembe ulioshikwa vizuri, ukilowanisha kila mara. Kioo cha nyuma chenye nyaya za kukipasha joto usikikwangue kwa wembe, utazikata. Safisha pia mipira ya dirisha, kwa sababu mchanga hukaa humo na kutoka wakati unapokamua maji.

4. Kukata. Lowanisha kioo kwa nje, weka tinti hapo, plastiki ya kinga ikikutazama wewe. Kata kwa kisu chenye wembe mpya, mkono mwepesi, usikwaruze kioo. Chini acha ziada ya kuingia ndani ya mlango.

5. Kupasha joto. Kioo cha nyuma kimepinda, na tinti ni bapa, kwa hiyo itasimama kama vidole. Vidole hivyo huondolewa kwa mashine ya kupuliza hewa moto, ukifanya kazi hiyo nje ya kioo kabla ya kubandika. Kumbuka kwamba tinti husinyaa kwa urefu wa roli, si kwa upana wake. Aliyekata bila kujali upande atapasha joto mpaka aiunguze. Mashine isisimame mahali pamoja, na kioo chenye ufa mdogo kisipashwe, kitapasuka.

6. Kubandika. Lowanisha kioo kwa ndani. Bandua plastiki ya kinga huku ukipulizia maji yale kwenye gundi, ili isivute vumbi wala isijishike yenyewe. Ipandishe, iteleze mpaka ikae mahali pake. Juu acha nafasi ya milimita 2 au 3, dirisha lisije likaikwangua likipanda.

7. Kukamua. Anza katikati, sukuma maji kwenda pembeni kwa kikamulio cha mpira, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Kingo zimaliziwe kwa kadi ngumu iliyofungwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Maji yanayobaki ukingoni hurudi ndani yakibeba uchafu.

8. Kumwagiza mteja. Vioo visishushwe siku 3 au 4. Kisha aelezwe kwamba tinti hukauka polepole: kukiwa na jua ni siku chache, wakati wa mvua huweza kupita mwezi. Hii ni sehemu ya kazi, na inafaa iandikwe kwenye stakabadhi.

SEHEMU YA TATU: KASORO NA SABABU ZAKE

Fundi mzee alitufundisha kugusa kabla ya kusema. Bonyeza kidogo kwa ukucha. Maji husogea. Hewa husogea na kurudi. Vumbi halisogei, ni kipele kigumu.

Ukungu na malengelenge madogo ya maji katika siku za kwanza si kasoro. Yaacheni yakauke. Wengi wameharibu kazi nzuri kwa kuyatoboa kwa sindano mapema.

Lengelenge la hewa lisilo na maji halitaondoka lenyewe. Mkamuaji aliruka mahali.

Vipele vigumu vilivyotawanyika ni vumbi. Vikiwa vimejipanga karibu na ukingo, vimetoka kwenye mpira wa dirisha. Vikiwa vimeenea kioo kizima, tazama banda, upepo na maji.

Mkunjo uliokatika kama mstari mweupe ni wa mkono: tinti ilikunjwa wakati wa kubandua au kupitisha mlangoni. Hautengenezeki, kipande kibadilishwe.

Kubanduka upande wa chini hutokana na dirisha kushushwa mapema, au kioo cha chini kutosafishwa. Ukiona gundi imejaa mchanga na alama za kukwaruzwa kwenda chini, dirisha lilishushwa.

Rangi ya zambarau, au malengelenge kioo kizima baada ya miaka, ni tinti duni au gundi iliyokufa kwa jua. Hakuna mkono wa fundi hapo.

SEHEMU YA NNE: AFYA NA USALAMA

Kazi hii inaonekana laini lakini ina hatari zake. Nyembe zilizotumika zisitupwe sakafuni, ziwe na mkebe wake. Mashine ya hewa moto hufikia joto la mamia ya nyuzi, na mikono iko ndani ya maji, kwa hiyo waya uliochubuka ni kifo. Kabla ya kuanza, waya ukaguliwe.

Hatari kubwa iko katika kubandua tinti ya zamani. Wengine hupaka amonia, hufunika kwa plastiki nyeusi na kuacha jua lilainishe gundi. Njia hiyo hufanya kazi, lakini mvuke wake huunguza macho na mapafu, na ndani ya gari hauna pa kutokea. Milango yote iwe wazi, mfanyakazi avae barakoa ya kuzuia mvuke, miwani na glavu. Kitambaa cha kawaida usoni hakizuii kitu. Amonia isichanganywe kamwe na dawa ya kufanyia nguo ziwe nyeupe, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Njia iliyo salama zaidi ni mvuke wa maji ya moto, na kisha gundi ilainishwe kwa maji ya sabuni. Inachukua muda, na hapo ndipo msimamizi huanza kugomba. Mapafu hayana vipuri, ndugu.

Kuna pia sheria. Kila nchi ina yake, na polisi wa usalama barabarani ndio wa kuulizwa kabla ya kazi. Japani hutaka kioo cha mbele na vya milango ya mbele vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70. Uingereza, kwa magari yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1985, ni 75 kwa kioo cha mbele na 70 kwa milango ya mbele. Sababu mojawapo ni hii: dereva amwone mwenda kwa miguu. Wale wanaotembea kando ya barabara ya shamba saa 11 alfajiri kwenda zamu ni sisi.

SEHEMU YA TANO: NANI ALIPE?

Sasa turudi kwenye magari yale matatu.

Gari la kwanza lilikuwa na vipele vigumu vimeenea kioo kizima. Tulitazama mahali pa kazi: kivuli cha mabati bila kuta, kando ya barabara ya vumbi, malori yakipita. Hata fundi mzee alisema yeye mwenyewe asingetoa kioo kisafi pale. Kasoro hiyo ni ya mahali, na mahali ni pa mwajiri.

Gari la pili lilikuwa limebanduka chini, gundi imejaa mchanga. Mwenye gari alikiri kwamba alishusha kioo siku ile ile. Hakuna aliyemwambia, na stakabadhi haikuandikwa kitu. Kasoro hiyo ni ya utaratibu wa gereji.

Gari la tatu lilikuwa na mikunjo miwili. Kijana alitazama chini akasema, "Hii ni yangu, niliikunja nilipokuwa naipitisha mlangoni." Tulimsifu kwa kusema kweli. Kama tungetetea hata lile la tatu, mwajiri asingetusikiliza juu ya mawili ya kwanza.

Tulikaa na mwajiri kwa saa moja na nusu. Fedha za magari mawili zilirudishwa mwisho wa mwezi. Za gari la tatu hazikurudishwa, ingawa tulisema kwamba mwanafunzi asiyepewa mwalimu hapaswi kulipia makosa ya kujifunza. Jambo hilo bado tunalidai. Maturubai ya kuzungushia banda yalinunuliwa baada ya kukumbushwa mara tatu.

Ninyi wa viwandani na mashambani, hebu lichukueni jambo hili mpaka kwenu. Nyapara akisema majani yako ni mabovu, je, ni mkono wako, au gari la kuyabeba lilichelewa yakachemka juani? Kitambaa kikitoka na nyuzi zilizokatika, je, ni wewe, au ni mashine isiyotengenezwa? Anayeijua kazi yake huweza kuonyesha kwa kidole. Asiyeijua hubaki kuomba huruma.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika kazi yako, taja kasoro tatu zinazotokea mara kwa mara. Ipi ni ya mkono, ipi ya mahali au mashine, ipi ya malighafi?

2. Je, mkataba wenu unasema nini juu ya kukata mshahara kwa kazi iliyoharibika? Katibu wa tawi ausome kwa sauti.

3. Tinti ya 50 ikibandikwa juu ya kioo kinachopitisha asilimia 80, mwanga utakaopita ni kiasi gani? (Jibu: asilimia 40.)

4. Mwenzetu akiwa na kosa la kweli, tumsaidie vipi bila kuficha ukweli?

Tawi litakalomaliza somo hili lituandikie majibu ya swali la kwanza na la pili. Tunayahitaji kabla ya mazungumzo yajayo na waajiri.