Dondoo muhimu: Darasani au mtandaoni, kipi kikae wapi?

Anza kwa kugawa kazi. Maelezo ambayo mwanafunzi atataka kuyarudia, yarekodi kwa sauti, dakika tano hadi saba, uyatume kwenye kundi la WhatsApp. Sauti hula bando kidogo kuliko video. Muda wa darasani uachie maabara, mijadala na kusahihishana kazi. Kumwita mtu kutoka mbali kisha kumsomea slaidi ni kumpotezea nauli.

Kabla ya kutuma chochote, uliza nani ana simu yake, nani huazima ya mama, nani hupata chaji jioni tu. Majibu hayo ndiyo yapange ratiba: kazi ipewe siku kadhaa, si saa mbili. Asiye na simu apate nakala ya karatasi bila kutangazwa mbele ya wenzake.

Ukimya wa mtandaoni ni mgumu kuusoma. Huenda mwanafunzi ameishiwa bando, huenda ana msiba, huenda amekata tamaa. Aliyepotea kundini mpigie, usimwandikie, na mkikutana darasani msikilize kwanza kabla ya kumdai kazi. Jambo likikuzidi, mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Kwa watoto ipo pia namba ya msaada 116, hupigwa bure Tanzania na Kenya.

Ujumbe wa masomo uishie saa mbili usiku. Nawe, mwalimu, zima simu.