Ndege Kinara na Hewa Nyepesi ya Nyanda za Juu

Katika majeshi ya majini ya zamani, amirali alipopanda merikebu fulani, bendera yake ilipandishwa mlingotini, na tangu hapo merikebu hiyo ndiyo iliyoongoza kundi zima. Haikulazimu iwe kubwa kuliko zote. Ilitosha amirali awemo. Mashirika ya ndege yameiazima desturi hiyo, ingawa hayana amirali. Ndege ambayo picha yake hupamba kalenda na matangazo ya shirika, na ambayo hupangiwa safari ndefu zenye heshima, huitwa ndege kinara. Jina hilo linafaa, kwa kuwa kinara ndicho kibebacho taa.

Ni jambo gani basi liipalo ndege moja cheo hicho na kuinyima nyingine? Wengi hujibu kwamba ni ukubwa. Jibu hilo lina ukweli kiasi, lakini haliendi mbali. Boeing 747 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1970, mashirika yalishindana kuinunua, na baadhi ya yale ya Marekani yakajikuta hayana watu wa kuijaza. American Airlines liliondoa viti kadhaa na kuweka piano mahali pake. Huo ulikuwa utukufu wa gharama kubwa.

Jibu lililo kamili zaidi hupatikana katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwaka 1946 na ambalo baadaye lilimilikiwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda hadi lilipovunjika mwaka 1977. Kati ya mwaka 1966 na 1970 shirika hilo lilipokea ndege tano za Super VC10 kutoka Uingereza, nazo zikachukua nafasi ya Comet 4 katika safari ya London. Zilisajiliwa kwa kugawanywa baina ya nchi wanachama: nyingine zikiwa na alama ya 5H ya Tanzania, nyingine 5X ya Uganda, na moja 5Y ya Kenya. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 52 hivi, na uzito wake wa kuruka uliweza kufikia tani 152. Lakini kilichozifanya ziwe kinara hakikuwa urefu wala uzito, bali viwanja zilivyotakiwa kuondokea.

Ndege huinuliwa na hewa ipitayo juu na chini ya mabawa yake. Ukiacha umbo la bawa, kani ya kuinua hutegemea mambo matatu: eneo la mabawa, densiti ya hewa, na mraba wa mwendo wa ndege. Eneo la mabawa halibadiliki sana, na densiti haiamriwi na rubani. Hubaki mwendo. Sasa, uwanja wa Embakasi, Nairobi, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Mchana, joto likifika nyuzi 25 za Selsiasi, hewa ya hapo huwa na densiti pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari, yaani hewa ya nyuzi 15. Ili mabawa yaleyale yainue uzito uleule katika hewa hiyo, ndege sharti ikimbie kwa mwendo uliozidi kwa asilimia 12 hivi. Na kwa kuwa umbali wa kukimbia huenda pamoja na mraba wa mwendo, njia inayohitajika hurefuka kwa robo nzima. Hesabu hiyo haijagusa injini, ambazo nazo huvuta hewa hiyohiyo nyepesi na hivyo kusukuma kwa nguvu pungufu.

Njia ikiwa fupi, dawa ni moja tu: kupunguza uzito. Abiria waache kiti, au mafuta yaachwe ghalani. Mafuta yakipunguzwa, ndege hulazimika kutua njiani kuyaongeza, na safari iliyotangazwa kuwa ya fahari hugeuka kuwa ya vituo.

Wahandisi wa kampuni ya Vickers walibuni VC10, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1962, kwa ajili ya tatizo hilohilo la viwanja vya juu na vya joto katika Afrika na Asia. Injini nne za Rolls-Royce Conway ziliwekwa mkiani, mbili kila upande, badala ya kuning'inizwa chini ya mabawa. Hivyo bawa zima likawa huru kubeba vipande vya kuchomoza mbele na vingine vikubwa vya kuteremshwa nyuma, ambavyo huongeza kani ya kuinua ndege ikiwa bado na mwendo mdogo. Kelele nazo zikabaki nyuma; abiria wakausifu sana utulivu wa chumba chao. Zile za Afrika Mashariki ziliongezewa mlango mkubwa wa mizigo upande wa mbele.

Lakini fizikia haitoi zawadi bila malipo. Mkia wenye injini nne huhitaji mifupa imara na mizito, na VC10 ikawa na gharama kubwa ya uendeshaji kuliko mshindani wake, Boeing 707. Tena viwanja vingi vilirefushiwa njia zake, na 707 ikaweza kufika kulekule. Mwaka 1964 BOAC, shirika la Uingereza ambalo ndege hiyo ilibuniwa kwa ajili yake, lilitaka kuacha sehemu kubwa ya oda yake ya Super VC10. Kwa jumla zilitengenezwa VC10 54 tu, ilhali 707 zilizidi 800.

Moja ya zile tano iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972. Gurudumu la mbele lilipasuka ikiwa katika kukimbia, rubani akaacha kuruka, nayo ikapita mwisho wa njia. Watu 43 walikufa. Addis Ababa iko juu zaidi kuliko Nairobi, na mwendo mkubwa unaohitajika kuruka katika hewa nyepesi ndio huohuo ambao breki zinapaswa kuuzima. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza baada ya shirika kuvunjika, zikageuzwa kuwa matangi ya kujazia ndege za kijeshi mafuta angani. Ile iliyokuwa 5H-MMT ya Tanzania ndiyo VC10 ya mwisho kuruka popote duniani, tarehe 25 Septemba 2013.

Miezi michache baadaye, mwaka 2014, Kenya Airways lilipokea Boeing 787 yake ya kwanza. Air Tanzania lilipata ya kwake Julai 2018. Kinara huyu ana injini mbili tu, na kwa ukubwa hafikii 747. Katika Conway hewa iliyopita kando ya kiini cha injini ilikuwa pungufu kuliko iliyopita ndani yake. Katika injini za 787 hewa ya kando ni mara tisa au kumi, na mafuta hupungua sana kwa sababu hiyo. Karibu nusu ya uzito wa umbo lake ni nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Uimara huo huruhusu hewa ya chumba cha abiria ilingane na mwinuko wa mita 1,800 hivi, badala ya mita 2,400 zilizozoeleka. Yaani msafiri hukaa angani kana kwamba hajaenda mbali na Nairobi.

Oktoba 2018 ndege hiyo ilianza kwenda moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, mwendo wa saa 15 hivi. Ratiba iliiondoa Nairobi usiku. Hewa ikipoa kutoka nyuzi 25 hadi 15, densiti yake huongezeka kwa zaidi ya asilimia 3, na kwa mwendo uleule kani ya kuinua huongezeka kwa kiasi hichohicho. Kwa ndege yenye uzito wa tani 200, asilimia 3 ni tani 6: abiria 60 pamoja na mizigo yao.