Kihispania kwa Simu Yako: Anza na Fromaji, Mihogo na Rumba

Usianze kwa kutafuta somo la Kihispania. Tafuta kazi ambayo wewe mwenyewe unaijua, kisha mtafute anayeifanya huku akiongea Kihispania. Mbinu ni hiyo. Yanayofuata ni jinsi ya kuitumia ukiwa Masisi au Walikale, na mega chache na betri inayongoja jua.

Tuseme umekulia kwenye vilima vya Masisi. Fromaji ya duara unaijua: umeitengeneza, au umemwona jirani akiitengeneza. Ingia YouTube, andika "queso artesanal". Utamwona mama wa Meksiko au mzee wa Hispania akipasha maziwa, akitia dawa ya kugandisha, akikata mgando, akikamua maji, akitia chumvi. Huhitaji kamusi, mikono yake inakufasiria. "Leche" ni maziwa. "Cuajo" ni ile dawa ya kugandisha. "Suero" ni maji yanayobaki. "Sal" ni chumvi.

Baki kwenye mada hiyo wiki mbili nzima. Video ya kwanza inakupa maneno manne. Ya pili inayarudia na kuongeza mawili. Ya tatu utaanza kuyasema kabla msemaji hajayafikia. Anayetazama fromaji leo, soka kesho na mapenzi keshokutwa anaanza upya kila siku.

Kama uko Walikale, ingilia kwenye mihogo. Mihogo kwa Kihispania ni "yuca". Tafuta "casabe", mkate wa mihogo wa Venezuela, Kuba na Jamhuri ya Dominika. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wanamenya, wanakwaruza, halafu wanakamua. Wengine hukamua kwa "sebucán", mfuko mrefu uliosukwa kwa ustadi kama vikapu vya kwenu. Wewe unayeloweka mihogo kabla ya kutengeneza unga au chikwange utajua papo hapo kwa nini wanahangaika kuyatoa yale maji. Chukua vitenzi vitatu: "pelar" kumenya, "rallar" kukwaruza, "exprimir" kukamua. Video hizi nazipenda kuliko zote, maana humo chakula na kazi ya mikono vinakwenda pamoja.

Kwa kazi za mikono zaidi, andika jina Eugenio Monesma. Ni Mhispania wa Huesca aliyetumia miaka mingi kuzunguka vijijini akiwarekodi mafundi wa kazi za kale: wasukaji, wachoma makaa, wahunzi, wachungaji. Msimulizi wake hana haraka, na kitendo kinachotajwa ndicho unachokiona kwenye picha. Fundi cherehani atafute "costura", seremala atafute "carpintería".

Sasa sauti. Kifaransa ulichosoma shuleni kitakusaidia sana kuelewa, lakini kisiguse ulimi wako. Soma Kihispania kwa irabu za Kiswahili, zilezile tano. "Luna" soma kama ilivyoandikwa. "Ch" ni ya chai. "Ñ" ni "ny" ya nyama. "H" haisomwi kabisa. "J" hutokea kooni, kama "kh" ya Waarabu.

Kuna sauti mbili za kuzifanyia kazi kweli. Kwetu wengi tunachanganya "r" na "l", na Kihispania hakivumilii hilo. "Pero" maana yake lakini. "Pelo" ni nywele. Tena "perro", kwa "r" inayotetemeka, ni mbwa. Yaseme haya matatu kwa sauti kila asubuhi, dakika moja tu, mpaka mwenzako ayatofautishe bila kukuona mdomo.

Kwenye kuelewa, hapo ndipo ukitumie Kifaransa. "Familia", "hospital", "importante", "montaña": hayo unayapata bure. Jihadhari na machache yanayodanganya. "Entender" ni kuelewa, wala si kusikia. "Largo" ni ndefu, si pana. "Salir" ni kutoka, si kuchafua. Yatengee ukurasa wa mwisho wa daftari, na uongeze kila unapodanganywa.

Lafudhi nayo uichague mapema. Watu wa Goma kwa miaka mingi waliwaona askari wa Uruguay wa MONUSCO, na huko Uruguay "yo", yaani mimi, hutamkwa "sho". Mmeksiko hasemi hivyo. Anza na Meksiko au Kolombia, ibaki hiyohiyo miezi ya kwanza. Nyingine zitakuja.

Muziki ndio mali yako kubwa, mdogo wangu. Rumba yetu imeishi na Kihispania tangu mwanzo. Miaka ya 1930 sahani za santuri za muziki wa Kuba, zile za mfululizo wa G.V., zilipigwa sana Kongo, na wanamuziki wetu wakaimba maneno ya Kihispania hata kabla ya kuyaelewa. UNESCO iliitambua rumba ya Kongo mwaka 2021. Midundo hiyo umeilalia na kuiamkia. Sikio lako tayari linajua sentensi inaishia wapi.

Chagua bolero na son za Kuba, zile za polepole. Ibrahim Ferrer na Omara Portuondo wa Buena Vista Social Club wanatamka vizuri. Reggaeton acha kwa sasa, inakwenda mbio mno na maneno yanamezwa. Wimbo mmoja kwa wiki unatosha. Siku ya kwanza sikiliza tu. Siku ya pili andika unachosikia kwa herufi za Kiswahili, hata kama ni ovyo. Siku ya tatu tafuta maneno yenyewe uyalinganishe na yako. Penye kosa ndipo sikio lako linapohitaji kazi. Siku zilizobaki, imba.

Mtafute pia Ricardo Lemvo, mwimbaji aliyekulia Kongo mwenye bendi ya Makina Loca huko Los Angeles. Anaimba Kilingala na Kihispania, na pale unapokijua kimoja, kingine kinakuwa chepesi kukisia.

Kila video itazame mara tatu. Mara ya kwanza bila maandishi. Mara ya pili weka maandishi ya Kihispania chini, na upunguze kasi hadi 0.75. Mara ya tatu sikiliza sauti peke yake, ukiwa shambani au njiani. Usiwashe tafsiri ya Kifaransa. Jicho litasoma Kifaransa na sikio litalala.

Kuhusu mega: tazama kwa 144p au 240p. Picha inafifia, sauti inabaki safi, na sauti ndiyo unayoitaka. Ukipata Wi-Fi nzuri, pakua video za wiki nzima kwenye kadi ya memori. Aplikesheni ya VLC inacheza faili bila intaneti, inapunguza kasi, tena inaweza kucheza sauti tu ili betri idumu. Rezo ikikatika siku kadhaa, masomo yanaendelea. Na ukiwa na rafiki anayejifunza, gawaneni gharama: mmoja apakue, mwingine apokee kwa Bluetooth.

Video za safari ziache mpaka mwezi wa tatu hivi, kwa sababu mada zinabadilika kila dakika. Anza na Easy Spanish, wanaohoji watu barabarani na kuweka maandishi. Kisha nenda Alan por el mundo, Mmeksiko msafiri. Luisito Comunica ni wa baadaye, anaongea kwa kasi. Usiipite Guinea ya Ikweta. Tafuta "mercado Malabo" au "mercado Bata" uone soko la Waafrika wanaouza ndizi na samaki kwa Kihispania.

Kuongea kusingoje. Kila Jumapili jirekodi dakika moja ukieleza kazi uliyoitazama wiki hiyo: namna ya kutengeneza fromaji, namna ya kukamua mihogo. Ukikwama, sema neno hilo kwa Kiswahili uendelee, usisimame. Halafu jisikilize, andika maneno yote yaliyokukwamisha, na video ya kwanza ya Jumatatu iwe ile yenye maneno hayo.