KUPANDA MHINA PENYE MAJI YA UDHU

Ama baada. Ewe ndugu yangu, fahamu ya kuwa sisi wa Chiwata twaijua thamani ya maji: mchanga wa uwanda wa Makonde huinywa mvua upesi, na mama zetu huteka mbali. Kwa hiyo watu huuliza: Je, yafaa kumwagilia mche maji yaliyokwisha kutumiwa katika udhu?

Jawabu: Yafaa. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji machache yaliyotumika katika fardhi ya udhu ni tahiri, ila hayatwaharishi tena. Usitawadhe kwayo, mmea na uyanywe.

Basi panda mhina, kwani hustahimili kiangazi. Mwezi wa Desemba, mvua ianzapo, kata tawi lililokomaa kadiri ya shubiri, ulisimamishe nusu mchangani, karibu na mahali pa kutawadhia, pasipotuama maji. Mwaka wa kwanza usiuache ukauke. Mizizi ikishuka, utastahimili wenyewe. Maua yake hunukia, na majani yakikaushwa kivulini na kutwangwa ndiyo hina ya bibi arusi.

Wala usizidishe maji ya udhu kwa ajili ya mti: hiyo ni israfu. Upe yaliyoanguka tu. Wallahu aalam.