Hewa ya mugongoni: uipime kabla ya kuingia



Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipotumika mbele, nilisimama na sanduku langu la dawa kando ya tunele. Ekipe ya waokoaji ilikuwa ikijizoeza ndani ya moshi. Mara mutu mumoja akatoka mbio, akang'oa masiki, akaanguka magoti. Chupa yake ya hewa ilikuwa karibu tupu. Mwenzake wa zamu ya mbele aliitundika bila kuijaza, naye akaivaa bila kuiangalia. Alipona, sababu mulango ulikuwa karibu. Kama ungekuwa moto wa kweli, tungelia watu wawili: yule wa ndani na yule aliyekwenda kumuokoa.

Kwa hiyo leo tujifunze namna ya kuchunga chombo cha kupumulia.

Hewa yako ni dakika ngapi?

Zidisha ukubwa wa chupa kwa presio. Chupa ya litri 6 yenye bari 200 ina litri 1200 za hewa. Mutu anayefanya kazi ya nguvu anapumua karibu litri 40 kwa dakika. Basi una dakika 30, si zaidi. Filimbi ikilia kwa bari 50, zimebaki litri 300, yaani dakika 7 hivi. Kwa hiyo usingoje filimbi. Kama kuingia kumekula bari 50, weka bari 100 za kurudi.

Muzamiaji wa majini anafanya hesabu hiyohiyo, lakini akiwa metre 10 chini ya maji hewa yake inakwisha upesi mara mbili.

Mambo matano ya kupima, wewe mwenyewe, kabla ya kuvaa

1. Angalia chupa. Kama imebonyea, imekula kutu, au tarehe ya kupimwa iliyopigwa juu yake imepita, usiivae, wala isijazwe. Ipelekwe kwa fundi.

2. Fungua robine, soma presio. Chupa isiyojaa haiingii kazini.

3. Funga robine, angalia mushale dakika moja. Ukishuka zaidi ya bari 10, hewa inavuja. Paka maji ya sabuni kwenye maungio: pale povu linapotoka ndipo penye kosa. Mara nyingi ni mupira mudogo wa muviringo uliopasuka. Fundi atoe presio kwanza, ndipo aubadilishe. Usikaze kwa ufunguo chupa ikiwa na presio.

4. Toa hewa polepole, sikiliza filimbi. Isipolia, chombo kina ugonjwa.

5. Vaa masiki robine ikiwa imefungwa, vuta pumzi. Masiki inapashwa kushika uso. Isiposhika, tafuta ndevu, nywele, ao miguu ya miwani. Wamama, musiku wa kuamkia zamu, mukumbushe bwana kunyoa. Ndevu za siku chache tu zinafungulia moshi njia.

Kisha fungua robine mpaka mwisho. Robine ya nusu inafanya pumzi kuwa nzito wakati wa kazi ngumu.

Hewa chafu ndani ya chupa

Kompresere isivute hewa karibu na motere ya mazutu. Moshi wake una gazi ya CO, ambayo haina harufu wala rangi. Ukiingia chupani, utaumwa kichwa, utaona kizunguzungu, utatapika. Ukisikia hivyo, toka pamoja na mwenzako, toa masiki kwenye hewa safi, uje kwa munganga upesi. Chupa ile iwekwe kando, isitumiwe na mwingine.

Kwa vyombo vya oksijeni, vile vya safari ndefu chini ya udongo, hata tone la mafuta ao grese ni hatari: linaweza kuwaka moto.

Nyuma ya kazi

Osha masiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ipake dawa ya kuua vijidudu, suuza, anika kivulini. Mafua na magonjwa ya kifua yanapita kwa masiki chafu. Jua kali na esanse vinaua mupira. Usimalize hewa yote ya chupa, sababu unyevu utaingia na kutu itaanza. Ijaze upya ndipo uitundike. Kama umeona kosa, andika kwenye kitabu. Usiseme «mwingine ataona».

Neno kwa nyumba

Hewa nzuri ina karibu oksijeni 21 kwa mia. Ndani ya kisima cha zamani inaweza kukosekana. Kitambaa puani hakileti oksijeni, hata masiki ya kuchuja hailete. Mutu akianguka kisimani, musishuke kumufuata. Iteni waokoaji wenye chupa.

Mwokoaji mwema ni yule anayerudi. Pima hewa yako ungali nje.